Kabati Refu la Marijani

Kompyuta ya Bwana Projestus iliingia Temeke kama bibi harusi. Ilishuka kwenye pikapu imefunikwa shuka jeupe, ikabebwa na wanaume watatu waliokatazana hata kukohoa, na mwenye mali mwenyewe akatangulia mbele akifukuza kuku. Mwajabu alikuwa mlangoni, kashavua viatu. Hakuna aliyemwambia avue. Ila kitu kikija kimefunikwa shuka namna ile, unajikuta tu umevua.

Enzi zenyewe zilikuwa za ruksa. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa au yanakufa, na yale yaliyochelewa kufa yalianza kwa kupunguza watu. Projestus na Mwajabu walipunguzwa siku moja, shirika moja, yeye mhasibu, Mwajabu mchapaji. Wenzao walichukua viinua mgongo vyao wakanunua mabasi chakavu. Wengine wakafungua baa, wakawa wateja wa kwanza na wa mwisho. Projestus akanunua kompyuta, akapanga chumba cha mbele kwenye nyumba moja ya Chang'ombe, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba hapa zinachapwa barua, risala, mikataba na kadi za harusi. Kisha akamfuata Mwajabu nyumbani kwake Keko.

"Vidole vyako vipo?" akamuuliza.

"Vyote, bosi. Vyenyewe havikupunguzwa."

Mwajabu alikuwa mwanamke wa Mtoni, kazaliwa hukohuko, na taipu alifundishwa na mwalimu aliyekuwa akitembea nyuma ya viti na rula mkononi. Ukipinda mgongo, rula inakukumbusha. Kwa hiyo hata alipokuwa mtu mzima, kashaozesha binti yake Munira huko Kibamba, mgongo wake ulikuwa wima kila alipokaa, hata kwenye mkeka wa msibani. Watu wa mtaani walisema anaringa. Hakuwa anaringa. Ni rula tu.

Likabaki suala la kompyuta ikae wapi. Mwaka ule vituo vya televisheni vilikuwa ndiyo kwanza vimeanza kurusha matangazo, na Keko nzima ilikuwa inanuka vanishi kwa sababu ya makabati ya televisheni. Kila mwenye seti alitaka kabati lenye milango miwili na kufuli, na alilitaka refu, maana televisheni ya mtaa huwa ina watazamaji wa aina mbili, waliokaa sebuleni na waliosimama dirishani, na wote lazima waone. Marijani, mume wa Mwajabu, alikuwa fundi wa makabati hayo. Mkono wake ulijulikana. Projestus akampa kazi.

"Hiyo kompyuta ndiyo mnyama gani?" Marijani alimuuliza mkewe jioni ile. "Kama televisheni?"

"Kama televisheni, ila ina akili."

"Basi itakaa juu zaidi."

"Iweke juu, mume wangu. Mteja akiingia aione. Nisije nikaonekana nimekaa kwenye cherehani."

Likatoka kabati la mninga. Miguu mirefu iliyochongwa vifundo kama ya kitanda cha Kihindi, maua kwenye pembe za milango, kufuli la shaba. Likasimamishwa ukutani, mbele yake ikawekwa meza ya kawaida ya kibodi, na waya wa kibodi ukavutwa mpaka ukafika kwa taabu. Mwajabu akalitandikia kitambaa cha kufuma juu. Watu waliingia ofisini hawana hata barua ya kuchapa, wanataka kuona kabati. Ijumaa, akitoka msikitini, Marijani alipita na kichupa cha mafuta akijidai kupaka bawaba, kumbe anataka kusimama pale nyuma amwangalie mkewe anavyofanya kazi chini ya mikono yake yeye.

Na Mwajabu alifanya kazi hivi: mgongo wima, kama alivyofundishwa, mikono mezani, na kidevu juu, juu kabisa, kama mtu anayetafuta mwezi mwandamo.

"Bi Mwajabu, umeonekana?" wateja walimtania wakiingia.

"Bado mawingu," anajibu, macho hayatoki kwenye kioo.

Maumivu yalianza kwa adabu. Mwanzoni yalikuwa yanabisha hodi jioni tu, nyuma ya shingo, pale panapokutana na mabega. Baadaye yakawa yanaingia bila kubisha. Majirani wakagawana kazi ya kuyaeleza. Mmoja akasema ni mto wa kulalia. Mwingine, ni ndoo za maji anazobeba kichwani. Wa tatu akasema ni mtu wa ofisini, akaacha sentensi ijimalizie yenyewe.

Marijani hakuwa mtu wa kungojea wa tatu amalize. Alichana mto, akatoa sufi nusu. Haikusaidia. Akabomoa kitanda, akakipiga randa upya, akidai ubao wa kichwani umekaa vibaya. Haikusaidia. Basi akampokonya mkewe ndoo. Asubuhi kabla ya kwenda kwenye banda lake, fundi mzima, na kofia yake, alifunga madumu nyuma ya baiskeli akaenda kupanga foleni bombani na wanawake.

"Marijani, kakulisha limbwata huyo!" walimpigia kelele.

"Tena tamu! Njooni mlambe mwiko!"

Akitoka kazini jioni, baada ya magharibi, alimkalisha Mwajabu kwenye kigoda uani, akateremsha khanga mabegani, akafungua chupa ya mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu. Dole gumba lake lilikuwa gumu kama msasa. Halikuwahi kutakata vanishi.

"Hapa?"

"Chini kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Usitoke."

Ukiwatazama ungesema hawana shida duniani. Mwanamume kasimama nyuma ya mkewe, anakanda maumivu aliyoyatengeneza mwenyewe kwa mninga safi, na wote wawili hawajui. Alitafuta mchawi kwenye mto, kwenye kitanda, kwenye ndoo. Kwenye kabati hakutafuta. Nani anatafuta ubaya kwenye kazi aliyoifanya kwa mapenzi?

Kipupwe kikaingia. Jumatatu Marijani alirudi mapema, kashika kichwa, akasema ni uchovu. Jumatano hakumtambua Munira aliyekuja kumwona. Ijumaa aliswaliwa kwenye msikiti uleule aliokuwa akitoka kwenda kupaka bawaba mafuta.

Mwajabu akakaa eda.

Projestus alikuja kuhani na mkungu wa ndizi, akakaa mkekani kwa shida, magoti yakamgomea. Alipoelezwa kwamba mjane hatatoka mpaka eda iishe, alikuna kichwa. "Sisi kwetu Bukoba unalia, unazika, unarudi shambani," akasema. Halafu akamwangalia Mwajabu, akaona uso wake. "Lakini kiti chako hakikaliwi na mtu, Bi Mwajabu. Nitachapa mwenyewe."

Na kweli alichapa mwenyewe, kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa mtama mmoja mmoja. Wateja walikuja na barua za posa, wakazipata msichana kashaolewa kwingine.

Ndani ya nyumba ile, Mwajabu hakuandika herufi. Alipika kidogo, akafagia, akaswali, akakaa. Usiku mkono wake ulipapasa upande wa pili wa kitanda ukakuta ubao. Shangazi yake aliyekuja kukaa naye alimwambia ajiandae, huzuni itashukia mwilini, itamkamata viungo. Mwajabu akajiandaa. Akangoja shingo ipasuke.

Shingo ikapona.

Haikupona siku moja, ila ilikuwa inapungua, inapungua, mpaka asubuhi moja alipogeuka kumwitikia jirani dirishani, akageuka mpaka mwisho bila kitu kumkaba. Alisimama hapo akaona haya. Mume kafa, yeye shingo inapona! Ni mke gani huyo? Hakumwambia mtu. Akawa anageuka taratibu mbele ya shangazi, kwa heshima ya marehemu, kama vile bado inauma.

Eda ikaisha. Akaoga, akavaa gauni la kazini, akarudi Chang'ombe. Projestus alifurahi akataka kumkumbatia, akakumbuka, akampa mkono. Mwajabu akafungua kufuli la shaba, akapangusa vumbi kwenye maua ya pembeni kwa ncha ya mtandio, kila petali. Akakaa. Mgongo wima, kidevu juu.

Haikupita wiki, shingo ikarudi. Safari hii ilikuja na wageni: ganzi iliyoshuka begani, ikapita kiwikoni, ikaingia kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kulia na jirani yake. Nyumbani jioni alikaa kwenye kigoda, akateremsha khanga, akamimina mafuta, akajaribu kujifikia mwenyewe. Mkono wa mtu haujaumbwa kufika pale. Unafika, lakini haubonyezi.

Na kidole cha mwisho cha kulia ndicho kinachochapa p. Kwenye mkataba wa pango wa mteja mmoja mzito, mpangaji akawa mangaji kila mstari. Kwenye barua ya Projestus mwenyewe kwenda benki, jina lake likaanzia kwenye r.

Alimwita. Hakufoka, na hilo lilitisha zaidi.

"Bi Mwajabu, kuna msichana anatoka Kinondoni, kaja hapa mara mbili kuulizia kazi. Nimemwambia nina mtu wangu. Lakini nikuulize wewe. Nina mtu wangu?"

"Unaye, bosi."

"Mpaka mwisho wa mwezi basi tuone."

Mwajabu alikwenda hospitali na maneno hayo kichwani. Kibarua kile ndicho kilichokuwa kinamlisha. Banda la Marijani lilikuwa la kukodi, na vifaa vyake vilibaki kwa mwenzake wa bandani. Bila vidole hakuwa na kitu. Alielekezwa chumba cha mazoezi ya viungo, akamkuta binti mdogo wa Kikatoliki, rozari shingoni, anaitwa Demetria.

"Shikamoo mama. Kaa hapo. Unafanya kazi gani?"

"Marahaba. Nachapa kwenye kompyuta."

"Haya, jifanye unachapa. Nione."

Mwajabu akanyoosha mgongo, akaweka mikono kwenye meza, akainua kidevu. Macho yake yakafika kwenye kalenda iliyotundikwa juu ya mlango.

Demetria akaangalia kalenda. Akamwangalia Mwajabu. "Huko? Mama, kompyuta yenu iko darini?"

"Iko kwenye kabati."

"Nani aliyeiweka juu hivyo?"

Mwajabu alikuwa bado kainua kidevu, na kitu kilikuwa kinashuka ndani yake polepole. Eda nzima. Shingo iliyopona bila ruhusa. Ndoo, mto, kitanda kilichopigwa randa. Mwanamume kwenye foleni ya maji.

"Mama? Nimekuumiza?"

"Hapana, mwanangu. Endelea."

Demetria akaendelea. Kioo kiwe usawa wa macho, au chini yake kidogo, unakitazama kama unavyomtazama mtu unayezungumza naye. Viwiko vikae karibu na mbavu, mabega yalegee, miguu ikanyage chini. Na usikae ukaota mizizi. "Ukiwa kazini unasikia adhana?"

"Adhuhuri na alasiri."

"Mie si wa dini yako, lakini hiyo ni dawa. Kila ukiisikia unanyanyuka, sivyo? Sasa jiongezee na za kwako katikati. Nyanyuka, tembea, zungusha mabega, rudi. Ila mama, hata ukinyanyuka mara mia, kabati lisiposhuka, ni bure. Na hivyo vidole sikuahidi. Mshipa umebanwa siku nyingi."

"Dawa nyingine hakuna? Ya kunywa?"

"Ya kunywa kabati lishuke?"

Akarudi ofisini na ukaidi wake. Kabati halikatwi. Kama kioo hakishuki, atapanda yeye. Akaweka mito miwili kitini, miguu ikaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi, na mikono ikalazimika kuchapa magotini. Akatoa mito, akapandisha kiti juu ya kreti ya soda. Kikayumba, akadaka meza, chai ikamwagikia barua ya mtu. Wateja walicheka mpaka wakakaa. "Bi Mwajabu sasa anaufuata mwezi mwenyewe!" Naye akacheka nao, kwa sababu usipocheka watauliza, na wakiuliza itabidi useme.

Yule aliyekuja kumvunja ukaidi hakuwa Demetria. Alikuwa Marijani. Jioni ile kwenye kigoda, alipokuwa akihangaika na chupa, Mwajabu alijiuliza angemwambiaje kama angekuwa hai. Mume wangu, ni kabati lako. Aliona uso wake. Kwanza angefikicha vanishi kwenye dole gumba. Halafu angeondoka usikuusiku na msumeno, hata kufuli asingengoja lifunguliwe. Mwajabu akalia kwa sababu Marijani hakujua, na akamshukuru Mungu kwa sababu Marijani hakujua, yote kwa pamoja, kwikwi moja.

Kesho yake alimwomba ruhusa Projestus. Projestus akalizunguka kabati kama anayeaga. "Wateja wanalipenda," akasema. "Haya. Ila kufuli libaki."

Mwishehe, mwenzake Marijani wa miaka mingi, Mwajabu alimkuta bandani Keko anapiga msasa mguu wa kochi. Alipomsikiliza, akaweka msasa chini.

"Shemeji, kuna kazi nyingi hapa duniani. Hiyo siiwezi."

"Kukata miguu minne, Mwishehe?"

"Miguu ya nani? Nilikuwepo akiichonga. Mmoja ulitoka na kasoro hata mie sikuiona, akautupa akaanza upya. Ananiambia, huu atakaa chini yake mke wangu. Leo nichukue msumeno nimkate? Nitamwambia nini siku ya kukutana?"

"Utamwambia mkewe alikutuma." Mwajabu aliinua mkono wa kulia, akavikunja vidole. Vitatu vilikunjika. Viwili vilichelewa, vikaishia njiani. "Vione. Angekuwa hai angelikata mwenyewe, na angemtukana fundi aliyelitengeneza matusi ambayo wewe huwezi kuyarudia mbele yangu."

Mwishehe akaviangalia vile vidole. Akainama chini ya meza ya kazi, akatoa msumeno wenye mpini uliofungwa kitambaa cha kijani. Hakusema ni wa nani. Hakukuwa na haja.

Alikuja Ijumaa baada ya swala. Walitoa kompyuta, wakalilaza kabati chali juu ya magunia. Mwishehe akapima, akapima tena, akamkalisha Mwajabu kitini kuhakikisha usawa wa macho, akarudi kupima. Alikuwa anachelewesha. Projestus alitoka nje ghafla, akasema anakwenda kununua wino.

"Shika hapa, shemeji, usitikisike."

Mwajabu akashika mguu wa kwanza kwa mikono miwili, kwenye kifundo, akausikia msumeno ukiingia. Mninga ukikatwa unatoa harufu. Alikuwa kaisahau. Ilikuwa harufu ya shati la kila jioni, kabla halijavuliwa. Hakutikisika. Aliambiwa asitikisike.

Hivyo hivyo mpaka mguu wa nne.

Kabati lilipoinuliwa lilionekana fupi, nene, kama mtu mzito aliyechuchumaa. Uzuri wake wote wa miguu ulikuwa sakafuni. "Nikutengenezee kwa vipande hivi kibao cha kukanyagia miguu?" Mwishehe akauliza.

"Hapana. Viache hivyohivyo."

Akavifunga vipande kwenye khanga, akaenda navyo nyumbani.

Kazi ikashika njia. Kioo kikawa mbele ya uso wake, anakitazama kama anayezungumza na mtu. Adhana ikitoka ananyanyuka. Kati ya adhana na adhana ananyanyuka tena, anafika mlangoni, anazungusha mabega, wapita njia wanamdhania anasubiri mgeni. Yule msichana wa Kinondoni alipata kazi kwingine. P akaihamishia kwenye kidole cha kati, kwa taabu mwanzoni, na Projestus akarudishiwa herufi yake ya kwanza. Vidole viwili havikurudi. Demetria alivibonyeza, akavichoma kwa pini, akatikisa kichwa. Akishika chai sasa, Mwajabu anaishika kwa mkono wa kushoto.

Wateja waliingia, wakaona, wakaulizana. "Bi Mwajabu, mwezi umeshuka?"

"Umeandama," akawajibu. Wakaacha kumtania, maana hapakuwa tena na kidevu cha kutania.

Shingo ilipungua kama ilivyopungua wakati wa eda. Na jioni moja, baada ya magharibi, Mwajabu alikaa uani kwenye kigoda, akateremsha khanga mabegani kama kawaida, akachukua chupa. Mafuta yalikuwa yamebaki kidogo chini. Ubavuni mwa chupa, juu ya karatasi ya zamani ya sharubati, palikuwa na alama ya dole gumba, ya vanishi, imekauka. Akapeleka mkono nyuma, akatafuta.

Akatafuta juu. Akatafuta chini kidogo. Hapakuwa na mahali panapouma.

Alikaa na mkono hukohuko nyuma. Miezi yote ile, kumbe maumivu ndiyo yaliyokuwa yanamleta Marijani uani kila jioni, hata baada ya kuzikwa. Yakiuma, alijua hasa lile dole lingesimama wapi. Sasa shingo ilikuwa nzima, laini, ya mtu yeyote, na pale mahali pake palikuwa pamepotea.

"Hapa?" akasema mwenyewe, polepole.

Jirani upande wa pili wa ukuta akauliza, "Unaniita, mama Munira?"

"Hapana," Mwajabu akajibu. "Nazungumza tu."

Akafunga chupa bila kuipangusa ile alama, akaingia nayo ndani, akaiweka uvunguni, kando ya vile vipande vinne vya mninga.